Masharti ya Dhamana Yanapomzidi Mtu Uwezo: Kafala ya Mwili na Mlango wa Mahakama Kuu

  

Maimamu wa Muleba na Bukoba wanalijua swali hili, kwani huletwa msikitini mara kwa mara baina ya Magharibi na Isha. Kijana amekamatwa, amefikishwa mbele ya hakimu, hakimu ametamka kuwa dhamana iko wazi, na bado kijana amelala mahabusu. Vipi dhamana iwe wazi na mtu asitoke? Ni kwamba mlango umefunguliwa lakini kizingiti kimewekwa juu mno. Ametakiwa alete wadhamini wawili watumishi wa serikali, na kila mmoja awe na hati ya nyumba au ya kiwanja kilichopimwa. Baba yake hana ila kibanja cha migomba na buni alichorithi kutoka kwa wazee wake, na kibanja hicho hakina karatasi yoyote. Basi jamaa humfuata imamu wakimtaka mambo mawili: amdhamini kijana, au awaandikie barua. La tatu ni nadra sana kuulizwa, nalo ndilo tunalotaka kulieleza hapa. Je, sharti lile lenyewe haliwezi kupingwa?

Tunasema linaweza, kwa sheria ya nchi na kwa misingi ya fiqhi pia. Na watu wengi wanakaa mahabusu si kwa sababu sheria imewafungia, bali kwa kutojua kwao kuwa sharti la dhamana si hukumu.

Hatuzungumzii makosa ambayo sheria yenyewe imeyanyima dhamana, kama vile mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha. Hayo yana mjadala wake. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kinachozuia dhamana katika makosa hayo kinapingana na Katiba, na mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Maneno yetu ni juu ya kosa lenye dhamana, ambapo kinachomzuia mtu ni sharti tu.

Neno lenyewe limetupoteza

Wanafunzi waliosoma Matn ya Abu Shujaa wanakumbuka kuwa mlango wa dhamana na mlango wa kafala ya mwili imewekwa jirani, lakini ni milango miwili. Dhamana, kwa istilahi ya Mashafii, ni mtu kujitwisha deni la mwenzake: mali. Kafala ya mwili ni mtu kujitwisha kumhudhurisha mwenzake mbele ya kadhi: mtu. Al-Mawardi (aliyefariki 450 H, sawa na 1058) ameeleza kuwa desturi ya lugha ni kutumia neno dhamini kwa mali na kafili kwa nafsi, ijapokuwa asili ya maneno hayo ni moja. Kiswahili chetu kimelichukua neno la mali kikalitumia kwa jambo la nafsi, na tunaona kuwa hapo ndipo fikra ilipoanza kupinda. Mtu akisikia "dhamana" anafikiria fedha na hati, wala hafikirii kuwa kinachotakiwa ni kijana afike mahakamani siku aliyopangiwa.

Dalili za kafala zinajulikana. Katika Suratu Yusuf, aya ya 66, Nabii Yaaqub (AS) hakukubali kumtoa mwanawe mpaka nduguze watoe ahadi nzito mbele ya Allah kwamba watamrudisha, akatoa udhuru wa wao kuzungukwa na jambo wasiloliweza. Hiyo ni kafala ya mtu, na ndani yake mna istithnai ya kushindwa. Imam Bukhari, katika mlango wa kafala, amepokea habari ya Hamza bin Amr al-Aslami (RA), ambaye Umar (RA) alimtuma kukusanya zaka. Huko alikuta kesi ya mtu aliyemwingilia kijakazi wa mkewe. Hamza hakumfunga mtu yule. Alichukua kafili kwake mpaka shauri lilipofika kwa Umar, na Umar akawasadikisha watu wa pale na kumpa yule mtu udhuru wa ujinga. Tuizingatie habari hii vizuri: mtumishi wa chini amechukua mdhamini, mkubwa wake amelipitia jambo zima, na katikati ya hayo mtu alibaki huru.

Imam Shafii (RA) alipata kusema kuwa kafala ya mwili ni dhaifu. Wafuasi wake wakafasiri kuwa alikusudia dhaifu kwa upande wa qiyasi, kwani mtu huru hamilikiwi wala hawekwi katika dhima ya mwingine, ama kwa upande wa athari za Maswahaba ni imara. Kauli inayotegemewa katika madhehebu ni kusihi kwake pale ambapo anayedhaminiwa anadaiwa haki ya mwanadamu, hata kama ni kisasi au haddi ya kusingizia zinaa. Ama haddi za Allah, kama ya kunywa pombe, hazina kafala, kwa kuwa asili yake ni kusitiriwa. Juu ya mtuhumiwa, Abu Daud, Tirmidhi na Nasai wamepokea kwa njia ya Bahz bin Hakim, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, kwamba Mtume (SAW) alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachia. Wanazuoni wamechukua hapo kuwa kizuizi cha tuhuma kipo, lakini ni cha muda na ni cha kuchunguza, wala si adhabu.

Sheria ya nchi

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Na. 9 ya 1985, imeliweka jambo hili katika kifungu cha 148, kwa hesabu ya sheria ilivyotungwa. Kifungu kidogo cha 2 kinasema kuwa kiwango cha dhamana kiwekwe kwa kuangalia uzito wa kosa na mazingira mengine ya shauri, lakini kisivuke kiasi. Kifungu kidogo cha 3 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuelekeza mtu apewe dhamana, au dhamana iliyotakiwa na mahakama ya chini, au na polisi, ipunguzwe. Hayo ndiyo maneno ambayo jamaa wa mahabusu wangepaswa kuyajua kama wanavyoijua namba ya kesi.

Masharti yenyewe yana daraja mbili. Ya lazima ni mtuhumiwa kusaini hati ya ahadi kwa kiasi cha fedha, na kuhudhuria tarehe aliyopangiwa. Mengine ni ya hiari ya mahakama: kukabidhi pasipoti, kutotoka katika eneo fulani, kuripoti kituo cha polisi kila baada ya muda, kutokwenda mahali fulani au kutokutana na watu fulani. Haya ya hiari huwekwa pale yanapoelekea kumfanya mtuhumiwa ahudhurie, au yanapohitajika kwa maslahi ya haki au kuzuia uhalifu. Kumkomoa mtu hakumo katika sababu hizo.

Watu hushangaa wakisikia maneno haya yametoka wapi. Mwenendo wa jinai wa India wa 1898, uliotungwa na Waingereza, ulikuwa na kifungu cha namna hii hii: dhamana isivuke kiasi, na mahakama ya juu iweze kuipunguza. Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza walikuja na sheria za India, na kifungu kikapita kutoka kitabu hadi kitabu mpaka kikatufikia. Kenya nao wanacho katika kifungu cha 123 cha sheria yao, na Katiba yao ya 2010, ibara ya 49, imeongeza kuwa masharti ya dhamana yawe ya kiasi. Marekani, Mahakama yao ya Juu iliamua mwaka 1951, katika kesi ya Stack na Boyle, kuwa dhamana inayozidi kile kinachotosha kumhudhurisha mtu ni dhamana iliyovuka mpaka. Kanuni hii kila mahali ni ile ile ya mlango wa kafala: kipimo ni kuhudhuria.

Sasa tuirudishe Muleba. Mvuvi wa dagaa anayeishi kisiwa cha Goziba au Bumbire, akiambiwa aripoti kituo cha polisi mjini Muleba kila Jumatatu, ametwikwa nauli ya boti na gari, siku zake za kazi, na hatari ya ziwa likichafuka. Sharti hilo hilo kwa mfanyabiashara mwenye duka karibu na kituo ni kutembea dakika tano. Karatasi ya sharti ni moja, lakini uzito haulingani. Vivyo hivyo hati ya kiwanja. Wakazi wengi wa vijiji vya Ihangiro ya zamani wana ardhi nzuri, wanaitambua mipaka yake tangu babu, lakini hawana hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inatambua haki ya kimila ya kumiliki ardhi hata kabla ya kupatikana hati yake. Kwa hiyo kumwambia mwanakijiji kuwa hana mali kwa kuwa hana hati, sisi tunaona si sawa, na ni hoja halali ya kupelekwa juu.

Milango ya kupitia iko mitatu, na kosa la kawaida ni kugonga usiofaa.

Wa kwanza ni kwa hakimu yule yule. Sharti la dhamana si hukumu ya mwisho, na mahakama iliyoliweka inaweza kuombwa kulilegeza, mathalani kwa kueleza kuwa wadhamini watumishi hawapatikani lakini wapo wakulima wawili wanaojulikana kijijini, wenye barua za afisa mtendaji na vitambulisho. Mambo mengi humalizikia hapa, kwa gharama ndogo. Tunashangaa jinsi watu wanavyouruka mlango huu wakakimbilia kutafuta mtu wa kumkodi.

Wa pili ni Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Muleba ni Kanda ya Bukoba, kwa kutumia kifungu kidogo kile cha 3. Huletwa maombi yanayoambatana na kiapo cha maandishi kinachoeleza sharti lililowekwa, hali ya mwombaji, na kwa nini haliwezekani.

Wa tatu ni marejeo, yaani Mahakama Kuu kuitisha jalada la mahakama ya chini ili ijiridhishe juu ya usahihi na uhalali wa kilichofanyika. Huu una kizuizi. Tangu marekebisho ya 2002, marejeo hayaombwi juu ya amri ndogo za katikati ya kesi zisizomaliza shtaka, na amri ya dhamana haimalizi shtaka. Anayeomba marejeo pale ambapo angeomba kupunguziwa dhamana anaweza kurudishwa mlangoni, na siku zinapita. Kwa kesi zilizoko Mahakama ya Mwanzo njia ni nyingine, kwani Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 imeipa Mahakama ya Wilaya uwezo wa kusimamia na kurekebisha ya Mahakama ya Mwanzo. Hivyo jambo hilo hupita kwanza Mahakama ya Wilaya ya Muleba kabla ya kufikiriwa Bukoba.

Wala tusidhani kuwa ngazi hizi ni za wakubwa wa mjini. Daudi Pete alishtakiwa Mahakama ya Wilaya ya Musoma kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, kosa ambalo wakati ule sheria ililinyima dhamana. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akampa dhamana. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kuwa kile kipengele kilichomzuia kinapingana na Katiba. Jaji Mwalusanya huyo huyo, mwaka 1990, ndiye aliyeamua shauri la ardhi ya ukoo la Ephrahim na Pastory, lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, hapa hapa wilayani Muleba. Karibuni zaidi, Novemba 23, 2018, Mahakama ya Kisutu Dar es Salaam iliwafutia dhamana Freeman Mbowe na Esther Matiko, waliokuwa wabunge, kwa hoja ya kukiuka masharti. Mahakama Kuu iliwarudishia Machi 7, 2019. Huko ni siku 104. Mlango upo, lakini tusimwambie mtu kuwa ni wa kufunguka kesho yake.

Kuna na suala la fedha taslimu. Katika rufaa ya jinai Na. 250 ya 2006, sheria ilipotaka nusu ya thamani iwekwe mahakamani kwa mashtaka ya mali inayozidi shilingi milioni 10, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa watuhumiwa wakiwa zaidi ya mmoja wanagawana kiasi hicho, wala hatwishwi kila mmoja mzigo mzima. Ni jambo dogo la hesabu, lakini limewatoa watu.

Kadhi na aliyoyakuta

Baadhi ya wanafunzi watauliza: je, si kanuni kwamba ijtihadi haitenguliwi na ijtihadi nyingine? Ndiyo, ni kanuni, na bila ya hiyo hakuna hukumu ingetulia. Lakini kanuni hiyo inahusu hukumu iliyokatwa baina ya wadaiwa. Kumweka mtu kizuizini akingoja kusikilizwa si kukata hukumu, ni hatua ya njiani, na hatua ya njiani hufuata sababu yake, ikiondoka nayo huondoka. Tazama mpangilio wa Imam Nawawi (aliyefariki 676 H, sawa na 1277) katika Minhaj, mlango wa adabu za kadhi. Kadhi mpya akifika mji wake, jambo la kwanza analotazama ni watu wa gerezani. Anayekiri kuwa amefungwa kwa haki, humbakisha. Anayedai amedhulumiwa, mzigo wa hoja huwa juu ya mdai wake, na mdai akiwa hayupo huandikiwa aje. Halianzi soko wala waqfu wala mali za mayatima, wanaanza waliofungwa, kwa kuwa kifungo ni adhabu na huenda mmoja wao hastahiki. Majaji wafawidhi wa leo wanapozunguka magereza na kuwasikiliza mahabusu wanafanya jambo ambalo makadhi wetu waliliandikia masharti karne nyingi zilizopita.

Na barua ya Umar (RA) kwa Abu Musa al-Ash'ari (RA) inajulikana: hukumu ya jana isimzuie kadhi kuirudia haki ilipombainikia. Basi mtu asione kuwa kuomba sharti lipunguzwe ni kumvunjia hakimu heshima.

Mdhamini ajue anachotia saini

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana ndipo maimamu wanapoingia wenyewe.

Katika Minhaj, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba kafili wa mwili akishartiwa kulipa mali iwapo atashindwa kumleta mtu, kafala hiyo inabatilika. Na mtu akifa na kuzikwa, kafili hadaiwi mali. Akitoroka na mahali alipo hapajulikani, kafili halazimiki kumleta. Pakijulikana, hupewa muda wa kwenda na kurudi. Lakini hati ya mahakama zetu inasema wazi: asipofika, mdhamini ataitwa ajieleze, na asipokuwa na sababu atalipa kiasi alichosaini. Je, Mwislamu wa madhehebu yetu asisaini? Tunaona anaweza kusaini, kwa haja ya kumtoa mtu katika kifungo kisicho na hukumu, na kwa kufuata Malik na Ahmad, ambao wanamtoza kafili akishindwa kumhudhurisha. Wao wanazungumzia deni la mtu na hapa fedha inakwenda serikalini, kwa hiyo qiyasi haikukamilika kila upande. Wallahu aalam. Lakini asisaini akidhani ni karatasi ya kumfurahisha mama wa kijana.

Pili, asitoe kisichokuwa chake. Bibanja vingi katika wilaya yetu havijagawanywa tangu mwenye mali alipokufa. Kaka mkubwa amekalia, dada zake wameolewa Kamachumu na Nshamba, na fungu lao limo mle ndani. Akikiandika kibanja kizima kuwa ni mali yake mbele ya hakimu, ametoa ushahidi wa uongo na ameweka rehani haki ya warithi bila idhini yao. Wakiridhia wote, jambo ni jepesi, na waridhie kwa maandishi.

Tatu, ujira. Wapo watu wanaozunguka karibu na mahakama wakidhamini wasiowajua kwa malipo. Wanazuoni wamekataza ujira juu ya kafala yenyewe, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilithibitisha hivyo katika kikao chake cha pili, Jeddah, Desemba 1985, likiruhusu gharama halisi za kazi tu. Nauli ya mdhamini kutoka kisiwani na chakula chake siku ya kesi ni gharama halisi. Bei ya jina lake si gharama. Na kituo cha polisi hakuna malipo kabisa. Maneno "dhamana ni bure" yamebandikwa ukutani kwenye vituo vingi, na anayeombwa kitu chini ya maneno hayo anaombwa rushwa.

Nne ni barua ya imamu. Barua hii husaidia kweli, kwa hakimu wa Muleba na kwa jaji wa Bukoba, kwa kuwa mahakama inataka kujua kama mtuhumiwa ana makazi na watu wa kumfuatilia. Basi iandikwe kama ushahidi unavyotolewa. Aandike anachokijua: kwamba kijana anaishi kijiji fulani, tangu mwaka fulani, ana mke na watoto, kazi yake ni hii, na wazazi wake ni wakazi wa pale. Asiandike kuwa hakutenda kosa, kwani hakuwepo. Asiandike kuwa ni mcha Mungu ikiwa hajamwona msikitini tangu Idi iliyopita. Na kama sharti limewashinda, aandike hilo pia kwa majina: wadhamini gani walifuatwa, kwa nini walikataliwa, ni wakulima gani wawili wako tayari, na kutoka kwao hadi mahakamani ni nauli ya kiasi gani. Karatasi ya namna hiyo mwombaji anaweza kuiambatanisha na kiapo chake, na jaji akaipima.